Umebadilisha taa na matumbawe yanapauka? Kabla hujagusa kitu soma hii

Kila nikikutana na mtu ameanza tangi la maji chumvi hapa Nairobi swali la kwanza huwa aweke taa gani, alafu miezi kadhaa baadaye anarudi na swali la pili, mbona matumbawe yamekua meupe tangu aweke taa mpya. Hio njia nimeipita. Nilipoteza karibu nusu ya tangi, na nikiangalia nyuma taa yenyewe haikuua hata nusu ya yale yaliyokufa, mengine niliyamaliza mimi na haraka zangu.

Tangi langu ni la futi 4, lita 250 hivi, liko sebuleni. Miaka miwili lilikua na tyubu 4 za T5 (taa nyembamba za fluorescent), kila moja wati 54, na kila kitu kilikua sawa tu, hama (tumbawe la hammer, lenye ncha kama nyundo) imeshika jiwe la katikati, montipora (tumbawe gumu) ya kahawia iko kando chini ya jiwe lililotokeza, zoa (matumbawe laini madogo) ziko chini kabisa karibu na mchanga. Bili ya stima ikanitia adabu, na jamaa alikua anahama nchi akiuza LED zake mbili, nikachukua. Nikazifunga Jumamosi na nikaweka asilimia 80 kwa sababu nilikua naona tangi limekua giza.

Hapo ndio nilipoingia shimoni. Mwanga wa buluu macho yetu hayauoni vizuri, lakini kwa tumbawe huo ndio mwanga wenyewe, kwa hio wewe unaona giza na mwenzako anaungua. Hata zile app za simu za kupima mwanga usiziamini kwa taa za buluu, zinasoma chini sana. Kama unaweza kuazima mita ya PAR (inapima ule mwanga ambao tumbawe linautumia) hata kwa siku moja, azima. Matumbawe laini kama uyoga na zoa yako poa kwa 50 hadi 150, hama na wenzake 80 hadi 150 hivi, matumbawe magumu kama akropora ndio yanataka 200 hadi 350. Mi nilipokuja kupima baadaye, juu ya hama ilikua inasoma 310 na pembeni ya tangi 90, maana LED zenye lenzi zinamwaga mwanga wote katikati, tofauti na tyubu ambazo zilikua zinausambaza sawasawa tangi zima.

Kwa wale wapya kabisa: tumbawe ni mnyama, ila ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na chakula chake kingi kinatoka kwa huo mwani. Mwanga ukizidi ghafla mwani unageuka sumu kwa mwenyeji, anautema, na kwa sababu rangi nyingi ilikua ya mwani unabaki unaona mfupa mweupe kupitia nyama. Pwani yetu iliona hio mwaka 1998 wakati wa El Niño, kule ilikua joto la maji zaidi kuliko mwanga, lakini kutema mwani ni kulekule.

Sasa kupauka sio kufa, na hapa wengi wanakosea. Chukua tochi usiku, angalia kwa karibu. Kama nyama bado ipo hata kama imekua kama kioo, na vinywa vinafunguka, huyo yuko hai ila ana njaa. Kama ni mfupa mtupu na umeanza kushika majani ya kijani hio sehemu imeenda, achana nayo. Na kama nyama inabanduka kuanzia chini kwenda juu wakati huko juu rangi iko sawa, hio mara nyingi sio taa kabisa, pima maji.

Mi sikuangalia chochote. Wiki ya kwanza baada ya kuona hama imesinyaa nilibadilisha maji asilimia 40, nikaweka kaboni mpya ya kuchuja ati nisafishe maji, nikahamisha hama mara tatu, nikaongeza matone ya ayodini niliyoambiwa na mtu. Kaboni peke yake ilikua inanizidishia shida kwa sababu inaondoa ule umanjano wa maji na mwanga unapenya hata zaidi. Sasa tumbawe limechomeka, maji yamebadilika, mkondo wa maji umebadilika, kila jioni linaamkia mahali pengine. Ata mtu mzima angeumwa.

Kilichonifungua macho ni montipora. Siku moja stima ilipotea nikawa namulika tangi na simu nikaona mstari umekatwa kama kwa rula, sehemu ilioko nje ya kivuli cha jiwe nyeupe pe, na iliokua kivulini kahawia vilevile kama zamani. Tumbawe moja, maji yaleyale, joto lilelile. Hapo hakuna ubishi tena, ni taa. Kwa hio kitu cha kwanza ukiona weupe usikimbilie chupa, tafuta kivuli, linganisha upande wa juu na wa chini wa tumbawe lilelile.

Lakini zoa zangu zilikua chini, kivulini, na bado zimejifunga siku kumi mfululizo. Hio taa haiwezi kueleza. Nilikuja kuamka saa kumi na moja asubuhi, ilikua Julai, ile baridi yetu unaijua, nikaangalia kipimajoto nyuzi 22. Mchana 25. Zile T5 zilikua zinakula wati 216 na sehemu ya joto lake ilikua inaingia majini, kwa hio hita yangu ya wati 100 ilikua inaonekana inatosha miaka yote hio kumbe ilikua inabebwa na taa. Nikaongeza hita ya pili, baada ya siku nne zoa zikafunguka. Taa ndio ilianza yote lakini sio kwa mwanga wake.

Shida ya tatu nilikuja kuigundua kwa kupima tu. Nilikua naweka alkaliniti (ile kabonati matumbawe yanayojengea mfupa) kila siku kipimo kilekile, nikijua mwanga ukiongezeka matumbawe yanakua haraka na kula zaidi. Ni kweli kama yako na afya. Yakipauka yanapunguza sana kujenga mfupa, hayaili alkaliniti kama zamani, na wewe unaendelea kumimina. Nilitoka 8 nikafika 11.5 dKH (kipimo cha alkaliniti) ndani ya wiki mbili hivi na ncha za montipora zikaanza kuungua. Punguza dozi, pima kila siku mbili, hio tu. Na tafadhali, kuna mtu aliniuliza kama anaweza kutumia magadi ya dukani badala ya soda ya kuokea kuongeza alkaliniti, hapana, magadi ina floridi nyingi, iache kwa sufuria.

Kutoka hapo nilifanya hivi. Nilishusha LED hadi asilimia 30, masaa ya mwanga mkali kutoka 9 nikabaki na 6, nikaenda hardware nikanunua wavu wa dirisha ule wa kuzuia mbu nikatandaza juu ya tangi tabaka mbili. Baada ya wiki mbili nikatoa moja, nyingine nikaiacha, alafu nikawa naongeza asilimia 5 kwa wiki na nikiona tumbawe limesinyaa narudi nyuma wiki nzima. Hama iliopauka niliilisha usiku kwa pipeti, uduvi wa kugandisha kidogo tu, mara mbili kwa wiki, kwa sababu mwani wake haupo wa kumlisha. Na usikimbize nitrati na fosfati (virutubisho vya majini) mpaka sifuri eti maji yawe safi, tumbawe lililopauka kwenye maji yasiyo na kitu linakufa haraka zaidi. Mi nilikaa na nitrati 8 hivi na sikuigusa.

Ah na usiende kujaza nafasi kwa kuokota tumbawe ufukweni ukienda Diani likizo. Ni kosa la sheria. Vipande vidogo vya matumbawe kutoka kwa watu wa hapa mjini vinatosha, na vimeshazoea taa.

Ilianza Julai, rangi ya hama ilirudi vizuri Novemba. Ilikua na vichwa 9, vimebaki 5. Montipora ile nusu nyeupe ilikufa na imeshikwa na majani, nusu ya kivulini inaanza kutambaa juu ya mfupa wa zamani, kama milimita chache kwa mwezi. LED sasa ziko asilimia 55 na sioni sababu ya kupanda zaidi, na ule wavu bado ninao, umekunjwa nyuma ya tangi na kibanio cha nguo.