Stesheni iliyobomolewa utaijuaje?
Umeuliza utajuaje palipokuwa na stesheni kwenye reli ya Voi–Taveta, kusini mwa Kenya, ikiwa jengo halipo tena. Fuata tuta la udongo lililobeba reli, usihangaike na kuta. Reli hiyo Waingereza waliianza 1915 kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, upana wa mita moja kati ya reli mbili, njia moja tu. Basi tuta linapopanuka ghafla, hapo treni zilipishana. Halafu tafuta msingi wa tangi la maji, maana injini za mvuke zilikunywa sana. Mabati, milango na mataruma ya chuma (yale yanayolazwa chini ya reli) ndivyo hubebwa kwanza; zege hubaki. Ukifika Maktau, iliyo kwenye reli hiyo, kuwa mwangalifu: palikuwa na kambi ya jeshi, si kila mawe yaliyopangwa ni ya reli. Na Voi usichanganye stesheni ya SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, hiyo ni ya 2017.