Kukaa chini ya siku 183 hakukuondoi kwenye kodi ya Uganda

Ndugu, umeuliza kama wewe unayelipwa na kampuni ya Ujerumani huhusiki na kodi ya Uganda kwa kuwa umekaa hapa chini ya siku 183 kwa mwaka. Hapana, siku 183 si kipimo pekee. Kwa kuwa una nyumba yako ya kudumu Mukono, Sheria ya Kodi ya Mapato inakuhesabu mkaazi wa Uganda hata kama mwaka mzima umeumaliza kati ya Nairobi na Kigali. Asiye na makao ya kudumu hapa ndiye anayehesabiwa siku: 183 au zaidi ndani ya miezi 12 yoyote inayoanza au kuishia katika mwaka wa kodi (Julai hadi Juni, si Januari!), au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huu na kila mmoja wa miwili iliyotangulia. Hiki cha pili ndicho kinachowanasa wengi wanaosafiri safiri.

Mkaazi hulipia kodi mapato yake ya dunia nzima, kwa hiyo mshahara wako wa kampuni ya Ujerumani umo, hata ukiingia kwenye akaunti ya nje. Ila mshahara wa kazi uliyoifanya nje husamehewa hapa ukiwa umeshaukatia kodi huko, basi tunza risiti zote. Siku unazofanyia kazi ukiwa Uganda ni habari nyingine: pato hilo ni la Uganda, haidhuru mwajiri yuko wapi.

Nawajazia watu ritani (fomu za kutangaza mapato) za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hapa Kampala, na swali hili hurudi kila Juni. Kenya na Rwanda nazo zina vipimo vyao, unaweza kuwa mkaazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Vikigongana, tafuta mshauri wa kodi kabla ya kuwasilisha ritani.