Kituo Kipo, Wagonjwa Hawaji: Hesabuni Safari Zao

Msomaji mmoja, mjumbe wa kamati ya afya ya eneo lake, ameniandikia akiomba mada za semina. Kituo wanacho, muuguzi yupo, huduma za wajawazito na watoto hazilipiwi, na bado wajawazito wanafika wamechelewa na watoto wengi hawakamilishi chanjo. Kamati imetenga fedha za kuelimisha wananchi.

Ndugu yangu, kabla hamjakodi viti na spika, zizuieni fedha hizo kwa wiki 2. Watu wasiokuja kituoni mara nyingi wanajua vizuri kwa nini waje. Walishakuja, wakarudishwa, wakajifunza. Mama aliyetembea asubuhi nzima na mtoto mgongoni akaambiwa "njoo Alhamisi" amepata somo ambalo semina haitalifuta, na kufikia jioni majirani zake wote wamelisikia. Kitu cha kuhesabu ni safari: mgonjwa amekuja mara ngapi ili apate kitu kimoja?

Anzeni na wagonjwa 10 wa mwisho waliofika hali ikiwa mbaya. Kwa kila mmoja andikeni nyakati 5: dalili ilipoonekana, ilipoamuliwa aende, alipotoka nyumbani, alipofika getini, na mhudumu alipomgusa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito na wanaojifungua katika sehemu 3: kuamua, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Nyakati hizo 5 zitawaonyesha ni sehemu ipi inayowaumiza ninyi. Msiulize "kwa nini ulichelewa?" Swali hilo limebeba lawama, na mtu atawajibu kwa adabu tu kwamba hakujua. Ulizeni nani alikuwa nyumbani, nani alishika fedha, alipigiwa nani simu, na huyo alisema nini. Asiulize muuguzi aliyemtibu, maana mgonjwa anajua atamhitaji tena.

Sasa njooni kwenye chanjo, kwa sababu hapo ndipo kituo chenyewe huwarudisha watu bila kujijua. Chanjo ya surua na ile ya BCG, yaani ya kifua kikuu, huja kama unga kwenye kichupa chenye dozi nyingi, mara nyingi 10 au zaidi. Ukishachanganya na kimiminika chake, humo ndani hamna dawa ya kuzuia bakteria. Kichupa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapokwisha, lolote litakalotangulia. Kukitunza hadi kesho yake kumewahi kuua watoto, kwa hiyo hapo hakuna kubembelezana. Tatizo ni kwamba muuguzi anapomwona mtoto 1 mbele yake, anawaza dozi 9 zitakazotupwa na maelezo atakayodaiwa kuhusu upotevu, kisha anamwambia mama arudi watoto wakiwa wengi. Ameokoa dozi 9 na huenda amempoteza mtoto.

Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Tangazeni siku maalumu za chanjo hizi ili watoto wakutane, lakini aliyeletwa siku nyingine achanjwe siku hiyohiyo, na upotevu uingizwe kwenye hesabu za kuagiza tangu mwanzo. Msimamizi aweke kwa maandishi kwamba hakuna muuguzi atakayeulizwa kwa kichupa alichofungua kwa sababu hiyo. Bila karatasi hiyo, hofu ya ripoti itashinda mafunzo yote.

Safari nyingine inayopotea bure ni ya kufuata dawa. Tuseme kituo kimetoa vidonge 600 vya presha ndani ya siku 90. Mtunza stoo anagawanya kwa miezi 3, anapata 200 kwa mwezi, anaagiza kwa kiwango hicho. Lakini kadi ya stoo inaonyesha kuwa kwa siku 30 kati ya hizo dawa haikuwepo kabisa. Vidonge 600 vilitoka ndani ya siku 60, yaani 10 kwa siku, 300 kwa mwezi. Kosa hili linajizalisha: ukiagiza pungufu unaishiwa mapema, ukiishiwa takwimu zako zinaonyesha matumizi madogo, na safari ijayo unaagiza pungufu zaidi. Daktari Julian Tudor Hart wa Wales aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupungua pale inapohitajika zaidi. Ukitaka kuona jambo hilo likitendeka, fungua leja ya kituo kilichosahaulika. Gawanyeni kwa siku ambazo dawa ilikuwepo tu. Kama mzigo huchukua mwezi 1 kufika na mnataka akiba ya mwezi 1, agizeni vinapobaki vidonge 600, rafu ikiwa bado inaonekana imejaa.

Hesabu hiyo ikikaa sawa, mnaweza kupunguza safari zenyewe. Mgonjwa wa presha anayepewa dawa za mwezi mmoja mmoja huja mara 12 kwa mwaka. Akipewa za miezi 3, huja mara 4. Safari 8 zimeondoka, pamoja na nauli zake na siku za kazi zilizokuwa zinapotea, na hakuna tofali lililojengwa. Wapewe wale ambao presha imedhibitiwa na dawa hazijabadilishwa karibuni. Msianze kabla ya kurekebisha stoo, la sivyo 20 wa kwanza watachukua za miezi 3 na wa 21 atakuta kopo tupu.

Lugha nitaitaja kwa ufupi. Mtoto asimtafsirie mama yake. Kuna mambo mama hatayasema. Na badala ya kuuliza "umeelewa?", mwambieni mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyokunywa dawa akifika nyumbani. Akikosea, maelezo yenu ndiyo yaliyopungua.

Usiku ndipo umbali unapoua. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaweza kumaliza uhai ndani ya muda wa saa 2, na katika muda huo familia ndiyo kwanza inatafuta gari, inapatana bei, inatafuta wa kukopesha. Mapatano hayo yafanyike mchana, miezi kabla. Wekeni madereva 2, kwa sababu mmoja ataugua au atasafiri. Nauli ya mchana na ya usiku iandikwe, na dereva alipwe na kamati siku inayofuata kwa kuonyesha karatasi iliyosainiwa kituoni, ili asidai fedha mkononi mwa mume aliyechanganyikiwa. Namba zao zibandikwe ukutani kwenye chumba cha kujifungulia, maana simu ya muuguzi huisha chaji. Kisha usiku mmoja wapigieni bila taarifa. Asiyepokea abadilishwe.

Kabla ya gari kuna sindano. Oksitosini, yuniti 10 kwenye msuli, hutolewa ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia damu isivuje. Inahitaji nyuzi 2 hadi 8, lakini vituo vingi huiacha kwenye trei kwa sababu friji "ni ya chanjo", na joto linaidhoofisha taratibu bila alama yoyote kuonekana. Inaruhusiwa kukaa kwenye friji hiyohiyo. Itengewe kisanduku chake chenye maandishi makubwa, kwa kuwa vichupa vyake vinaweza kuchanganywa na vya chanjo.

Barua ya rufaa iseme presha ilikuwa ngapi, saa ngapi, dawa gani imetolewa, kiasi gani na kwa njia ipi. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyepewa magnesiamu salfeti, gramu 4 mshipani na 10 kwenye misuli, akifika hospitali na barua isiyotaja hayo, anaweza kupewa dozi ya pili ya kuanzia, na dawa hiyo ikizidi husimamisha pumzi. Pigeni simu kabla gari halijaondoka, na muandike jina la aliyepokea.

Fedha za semina zitatosha kuanzisha mfuko wa nauli hizo. Wekeni ndani yake na nauli ya kurudi. Familia isiyojua itamrudishaje mgonjwa wake, au maiti yake, husita kumruhusu aondoke.