Msanii anaimba kawaida, mtaa unakimbia: spidi mbili kwenye shoti moja

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kushuti video za muziki ni hili, ile shoti ambayo msanii anaimba kawaida kabisa alafu watu nyuma yake wanapita mbio mbio, inatengenezwa na programu gani? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Sehemu kubwa inatengenezwa palepale mnaposhuti, na wanaoitengeneza ni msanii na spika, kompyuta inakuja kumalizia tu.

Iko hivi. Ukipandisha spidi ya klipu, kila kilichomo kinakimbia, kamera haimjui staa wala mpita njia. Kwahiyo staa ndo inabidi apunguze mwendo ili baadae akirudishwa awe kawaida. Chukua wimbo, upunguze hadi asilimia 50, wa dakika 3 na nusu unakuwa wa dakika 7, upige kwa sauti kubwa msanii afuatishe mdomo taratibu hivohivo, wapita njia we waache na mambo yao. Ukija kuediti unaipandisha klipu asilimia 200, unaweka wimbo wenyewe juu, mdomo unakaa sawa na mtaa mzima unakimbia mara mbili. Basi.

Na kinyume chake kipo. Wimbo unapigwa mara mbili ya spidi yake, unashuti fremu 50, yaani picha 50, kwa sekunde, alafu unaichezesha klipu kwenye taimulaini (ule mstari wa kuediti) ya fremu 25, kwahiyo inaenda nusu ya spidi. Hapo msanii anaimba sawasawa lakini nguo, nywele na vumbi vinaelea, ndo ile hali ya ndoto ndoto ambayo slomo (video ya mwendo wa polepole) ya kawaida haikupi, maana kwenye slomo ya kawaida mdomo unaachana na wimbo.

Uchague ipi? Sikiliza wimbo kwanza. Singeli inapiga mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, sasa ukimwambia msanii aimbe hiyo mara mbili unamtafutia kesi bure, ipunguze nusu na utashangaa maneno yanavyotoka safi. Wimbo wa mapenzi wa taratibu ndo unafaa kukimbizwa.

Mtaa wenye watu unasaidia sana, Kariakoo pale Msimbazi mchana hata hujahitaji kulipa mtu wa kupita. Ila angalia mwili wa msanii, mdomo utamdanganya mtazamaji lakini macho na nguo vitakuumbua. Mtu anapepesa macho kama kawaida yake, ukipandisha spidi anaonekana kama kaingiwa na mchanga, kwahiyo mwambie apepese polepole na mara chache, mikono nayo aisogeze kama yuko ndani ya maji. Dera au kanga kwenye upepo sahau kabisa, inapigapiga kwa spidi ya mtaa wakati mwenye nguo yuko kwenye spidi yake. Mvalishe nguo ya kubana, na akiwa amesimama au amekaa ni rahisi zaidi kuliko akitembea.

Ukitaka mtaa ukimbie mara 8 au 10 hapo msanii hawezi tena, hakuna binadamu anayeimba kwa mwendo huo. Weka kamera kwenye tripodi, funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe, mshuti msanii kwa spidi ya kawaida, alafu bila kugusa chochote shuti watu wakipita. Kwenye programu ya kuediti kama CapCut, Premiere Pro au DaVinci Resolve unaweka klipu ya msanii leya ya juu, unamkata kwa maski, yaani unamzungushia mstari abaki yeye tu, ya chini unaikimbiza. Cha msingi wapita njia wasipite mbele yake, na klipu zote mbili zipigwe papo kwa papo kabla jua halijahamisha vivuli.

Shata sasa, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, hapa wengi wanapaacha. Klipu utakayoikimbiza mara mbili ishuti fremu 25 kwa shata ya 1/25, ule ukungu wa mwendo ndo unafanya watu wateleze badala ya kurukaruka. Juani picha itaungua kwahiyo filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ni lazima. Na ukiwa ndani, umeme wetu ni wa hezi 50, taa za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, fremu 50 na shata ya 1/100 inakaa vizuri wakati fremu 60 na 1/120 inaweza kukuletea mistari inayotembea ukutani. Fremu 120 chini ya taa hizo usijaribu, toka nje.

Jambo la mwisho, maiki ya kamera usiizime hata kama sauti ni mbovu. Ukishapandisha spidi ya klipu, ule wimbo ulionaswa na kamera nao unarudi kwenye mwendo wake, unalinganisha mawimbi yake na ya wimbo halisi, vikikaa sawa ndo unaunyamazisha huo wa kamera.