Kinyama kikubwa kwenye utumbo mpana: maswali yenu

Shikamoo daktari. Baba amekutwa na kinyama (uvimbe unaoota kwenye ukuta wa ndani, yaani polipu) cha sentimita 3 kwenye utumbo mpana. Ndiyo saratani hiyo?

Marahaba. Vingi vya ukubwa huo bado si saratani, ingawa hatari hupanda kadiri kinavyokua. Mimi hutazama sura zaidi kuliko sentimita. Kilichotambaa kama zulia, chenye chembechembe zinazolingana, mara nyingi hakina saratani hata kikiwa kipana. Kinachonitia hofu ni kile kilichobonyea katikati, au ambacho mpangilio wa vitundu vidogo na mishipa ya damu kwenye uso wake umevurugika. Mwombeni mtaalamu akitazame kwa utulivu, kwa rangi na kamera ya kuvuta karibu.

Mbona hawakunyofoa kipande wapime kwanza?

Wamefanya vema. Kipande kidogo huweza kukosa sehemu yenye saratani, na kovu lake hukigandisha kinyama kwenye ukuta. Wakati wa kukiondoa, tunapitisha sindano ndani ya mrija wenye kamera unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na kuingiza maji ya chumvi yenye rangi ya bluu chini yake. Kinyama huinuka kama lengelenge, tukakivisha kitanzi cha waya na kukikata. Ambacho hakijawahi kuguswa na bado kinagoma kuinuka, tunashuku kina saratani iliyozama ukutani.

Kuna hatari gani?

Kutokwa damu, pengine siku kadhaa baadaye, na mara chache utumbo kutoboka. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Maabara imekuta saratani ndani ya kinyama nilichotolewa. Lazima nipasuliwe?

Si lazima, dada yangu. Uliza: imezama zaidi ya milimita 1 chini ya utando wa juu? Kingo za pale kilipokatwa ni safi, hazina saratani? Imeingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu (majimaji ya kinga ya mwili)? Seli zake zimeharibika sana, au zinachipua pembeni kwa vikundi? Majibu yote yakiwa mazuri, huenda ukabaki na ufuatiliaji tu. Moja likiwa baya, kaa na daktari wa upasuaji, kwa sababu tezi za limfu huenda zimeguswa. Ndiyo maana kinyama cha kutilia shaka napenda kitoke kizima: kikikatwa vipande vipande, maabara haiwezi kupima kingo wala kina.

Changu kilitoka vipande vipande. Nirudi baada ya miezi 6 ya nini?

Mabaki hujificha pembezoni mwa kovu, hata kama kingo za jeraha zilichomwa kwa joto baada ya kukata, na hayaumi. Yakionekana mapema, kamera ileile huyaondoa.