VST, sampo na efekti: sauti unayoisikia inatoka wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini piano uliyopakua inasikika kama ya kuchezea watoto, kwa nini kompyuta inakwama, na kama sampo na efekti ni kitu kimoja. Nimetengeneza biti za Bongo Fleva na singeli kwa miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kutokana na kazi yangu.

Ukibonyeza kibodi ya MIDI, hakuna sauti inayorekodiwa. Yanayoingia ni maagizo: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Nguvu hiyo ni namba kati ya 1 na 127. Sauti inatolewa na ala ya kidijitali (kama VST) uliyoifungua ndani ya programu ya muziki, ndiyo maana leo unacheza melodi kwa piano, kesho unaigeuza filimbi bila kuipiga upya.

Ala zenyewe hazifanani. Nyingine zinakokotoa sauti papo hapo. Logi dramu ya amapiano, ile besi inayodunda, kwa mfano, ilitoka kwenye DX10, sinthesaiza iliyomo kwenye programu ya FL Studio; hakuna gogo lililogongwa popote. Hizi faili zake ni ndogo sana. Nyingine zimebeba rekodi, kama piano nyingi za Kontakt, ala inayocheza rekodi: watu walikaa na piano halisi, wakarekodi noti moja moja, taratibu, wastani, kisha kwa kishindo. Hapo ndipo RAM yako, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, inapokwisha.

Na hapo ndipo lilipo tatizo la piano yako. Ukichora noti kwa mausi, zote zinapewa nguvu ileile, hivyo ala inachota tabaka moja tu la rekodi na mengine yanalala. Fungua vile vijiti vya nguvu chini ya noti. Kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya noti tatu, mimi huipa ya juu 95, ya kati 65, ya chini 80, halafu naichelewesha moja kidogo sana. Sikiliza tena, utashangaa.

Sampo ni rekodi ya sauti tu. Mashine ya dramu ya Roland TR-808 ya 1980 ilitengeneza kiki yake (ule mdundo mzito wa chini) kwa saketi, lakini "808" tunazogawana leo nyingi ni rekodi za sauti ile. Ukiipandisha oktavo moja kwenye sampla ya kawaida (ala inayocheza sampo), inakwenda kasi mara mbili na mkia unabaki nusu. Kwa hiyo tafuta kwanza noti yake ya asili, uiweke sawa na wimbo.

Nakusihi urekodi sampo zako. Kayamba nililorekodi mwenyewe nililitikisa mara kadhaa, kila mtikiso nikauhifadhi peke yake, sasa nazipokezanisha ndani ya biti. Ukirudia mtikiso mmoja, sikio linaugundua haraka. Ukikata wimbo wa zamani, omba ruhusa ya mtunzi na ya mwenye rekodi pia.

Efekti zinawachanganya wengi. Honi ya daladala au vigelegele, hata ukiviita efekti, ni sampo tu. Riverbu (mwangwi wa chumba) na dilei (sauti inayojirudia) hazina sauti zake zenyewe. Zinabadilisha ile unayozipitishia. Fungua riverbu moja, traki zote zitumie hiyohiyo, kompyuta itapumua.

Ikiendelea kukwama, geuza traki nzito ziwe faili za WAV, uzime ala zake. MIDI usiifute, maana msanii akirudi kutaka ufunguo mwingine utaihitaji.