Kabla ya kuuliza miiko ya ger, ijue inavyosimama

Msomaji ameniandikia kwamba Julai anakwenda Mongolia, atalala kwa wafugaji, na anaomba orodha ya miiko ya "yale mahema yao". Miiko nitampa. Lakini hilo neno hema linanikera, na "yurt" halina nafuu: ni la Kituruki, limetufikia kupitia Kirusi. Wenyewe husema ger, yaani nyumba, na asiyejua nyumba hiyo inavyosimama atakariri miiko kama kasuku.

Mlango hutazama kusini, kwa kuwa baridi kali hutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Ndiyo maana neno baruun ni kulia na pia magharibi, na züün ni kushoto na pia mashariki: Mmongolia anahesabu pande akiwa ameupa kisogo upande wa kaskazini. Sisi pande zetu mbili tulizipata kwa pepo za kusi na kaskazi, wao wamezipata mlangoni.

Ukikuta familia inahama, saidia, lakini fuata utaratibu. Jiko, vitanda na makabati hupangwa kwanza, kwa sababu baadaye havipiti mlangoni. Husimamishwa fremu ya mlango, kisha khana, kuta za fito zilizopishana kama wavu na kufungwa kwa vipande vya ngozi mbichi. Ger ya kawaida ina khana 5. Hapa ndipo wageni huharibu: ukizivuta sana, ukuta unakuwa mfupi, duara linapanuka na paa linalala, mvua ikituama juu yake, usipozivuta vya kutosha, paa linachongoka. Kipimo ni fremu ya mlango: vichwa vya khana vilingane na ukingo wake wa juu. Zungusha kamba ya ndani kabla ya kugusa paa, la sivyo uzito utazisukuma kuta nje.

Toono, gurudumu la kileleni, huinuliwa juu ya nguzo mbili ziitwazo bagana. Fito za paa, uni, ni kama 80 kwa ger ya khana 5. Chomeka za pande zinazokabiliana kwanza. Ukianza na upande mmoja tu, toono itapinda au imwangukie aliyeishika. Kisha hufunikwa kwa esgii, sufu ya kondoo iliyoloweshwa na kuviringishwa tena na tena mpaka ikashikana: tabaka moja kiangazi, mawili au zaidi baridi inapofika nyuzi 30 chini ya sifuri. Juu yake hupita kitambaa cheupe na kamba za singa za farasi. Upepo ukichafuka, ile kamba inayoning'inia toka kwenye toono, chagtaga, hushushwa na kufungiwa jiwe zito. Wagabra na Warendille wa kaskazini mwa Kenya, wanaobebesha ngamia nyumba zao, hawahitaji maelezo marefu hapa.

Sasa miiko. Usipite katikati ya zile bagana wala kuziegemea. Umeshaona zinabeba nini. Usikanyage kizingiti. Motoni usitie maji wala takataka, na usiunyooshee miguu. Hodi hazigongwi: ukiwa mbali ita "Nokhoi khor!", yaani shika mbwa, hata kama mbwa humwoni. Ukiingia unatazama kaskazini, kwa hiyo shika upande wako wa kushoto, yaani magharibi, zinakokaa tandiko na hatamu. Mashariki ni kwa vyombo na mama mwenye nyumba. Khoimor, kule ndani kabisa kaskazini, ni pa wazee na vitu vya heshima, usijipeleke mwenyewe.

Chochote ukipewa, pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukikishika kiwiko. Chai itakuwa ya maziwa na chumvi, usishtuke. Na kwa kuwa ni Julai kutakuwa na airag, maziwa ya farasi jike yaliyochachuka ndani ya kiriba cha ngozi karibu na mlango, yakisukwa mara maelfu. Anayeingia anaweza naye kuusukasuka ule mti wa kusukia uliomo kiribani. Ina kileo kidogo, na tumbo lisiloizoea huendesha. Kuikataa kabisa kunaumiza mwenyeji, kwa hiyo gusisha midomo au onja kidogo, kisha rudisha. Bakuli likirudi tupu hujazwa tena.